Kadi za picha, iPad au kishikwambi cha kawaida? Nilivyolinganisha kwenye kitengo chetu cha usonji

Mtoto alibonyeza picha ya choo, mashine ikasema "chuu". Akabonyeza tena: chuu. Matroni akacheka, "Mwalimu, huyu leo anaendesha treni!" Akabonyeza mara ya tatu, akaacha, na baada ya dakika mbili sakafu ikalowa.

Alikuwa na miaka minane, hajawahi kutamka neno, na asubuhi ile alifanya kila nilichomfundisha. Mwenye kosa nilikuwa mimi. Nilipakua programu ya bure yenye sauti ya Kiingereza, chini ya picha nikaandika maneno ya Kiswahili, nikaamini itasoma tu. Sauti ya Kiingereza ikikutana na "choo" inasoma "chuu". Ikikutana na "pole" inasema "poul", kana kwamba unampa mtu nguzo badala ya pole. Nilikuwa nimelinganisha programu kwa bei na kwa uzuri wa picha, na sikuwa nimeisikiliza hata moja ikisema neno ambalo mtoto angelihitaji siku hiyo.

Kwa hiyo haya ni maoni ya mwalimu wa kitengo cha watoto wenye usonji (autism), mwenye watoto tisa na kishikwambi kimoja, kati ya vile vya Sensa ya 2022 vilivyokuja kugawiwa walimu. Wenzetu wa Kenya waliopata tableti za mpango wa kidijitali ulioanza 2016 wako katika hali inayofanana: kifaa ni cha Android, ni cha shule, na hakikuletwa kwa ajili ya usonji. Wa shule binafsi wenye iPad nao nitawafikia.

Kabla ya kuuliza "niweke programu gani", jiulize unataka ifanye kazi gani. Ziko tatu na hazichanganyiki: kumsemea mtoto asiyesema, kumfundisha somo, na kumtuliza au kumpa zawadi. Programu nzuri kwa kazi moja inaweza kuharibu nyingine, na nitaonyesha jinsi gani.

Kusema: kadi au kishikwambi

Waliopita Patandi au KISE, vyuo vya walimu wa elimu maalumu vya Tanzania na Kenya, wanaijua PECS, njia ya kubadilishana picha iliyoanzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985. Wengi tunaifanya nusu. Tunachapa kadi, tunazibandika ukutani, tunamwambia mtoto "onyesha". Hiyo si PECS. Hatua ya kwanza inataka watu wazima wawili. Mmoja anakaa mbele ya mtoto ameshika, tuseme, kipande cha muwa, na hasemi kitu. Wa pili anakaa nyuma ya mtoto, naye hasemi kitu. Mtoto akinyoosha mkono kuufuata muwa, wa nyuma anauelekeza mkono ule uchukue kadi na uiweke kwenye kiganja cha wa mbele. Hapo hapo wa mbele anataja "muwa!" na kumpa. Hakuna "unataka nini?", hakuna "sema tafadhali". Anachojifunza mtoto ni kwamba ujumbe unapelekwa kwa mtu.

Hapo ndipo kadi inapokishinda kishikwambi, na kinashindwa vibaya. Kadi haifanyi kazi mpaka ifike mkononi mwa mtu, lakini kishikwambi kinapiga kelele hata ukikigeuzia ukuta. Nimekuwa na mtoto aliyekaa kona ya darasa akibonyeza "maji, maji, maji" zaidi ya mara ishirini, kopo la maji liko upande wa pili, na mimi nimemwangalia nikidhani anacheza. Alikuwa amejifunza kitufe. Mtu hakuwa amejifunza.

Kadi pia haziishi chaji. Ikipotea moja umepoteza moja, ikiingia kwenye uji unachapa nyingine. Mimi nalipa shilingi 1,000 kwa karatasi ya A4 yenye laminesheni, na kwenye karatasi moja zinatoka kadi sita. Velkro nanunua kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji Kariakoo.

Udhaifu wa kadi unaanza mtoto akishakuwa nazo nyingi. Zikifika hamsini au sitini, kitabu kinakuwa kizito, kutafuta "mbatata" kunachukua muda, na muda ule hasira zinapanda. Halafu kadi haina sauti. Mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, kadi haimwiti. Konda wa daladala hawezi kusoma kadi huku anadai nauli, na mama aliye jikoni haoni picha iliyoko sebuleni. Sauti inafika.

Kuna ushahidi upande wa vifaa vinavyosema. Mwaka 2014 Connie Kasari na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watoto 61 wa miaka 5 hadi 8 wenye usonji na maneno machache sana. Wote walipata mafunzo yale yale ya kucheza na kuwasiliana, ila kundi moja liliongezewa kifaa kinachosema tangu mwanzo, na hilo ndilo lililotoa mawasiliano mengi zaidi ya kujianzia lenyewe. Angalia lakini: kifaa kiliongezwa juu ya mtu aliyekaa chini na mtoto, hakikumwondoa mtu.

Na kwa wazazi wanaotuambia "mwalimu, akizoea mashine hatasema kabisa", nina jibu moja ninalolitumia kwenye kila kikao. Mapitio ya mwaka 2006 ya Millar, Light na Schlosser yalichambua tafiti zilizofanywa kwa umakini zaidi kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia mbadala za kusema. Kati ya watu 27, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi, na asilimia 89 usemi wao uliongezeka. Hawakuwa wote wa usonji, na usemi wa wengi uliongezeka kidogo tu. Ila hofu ya kwamba ulimi utalala haina pa kusimama.

Uamuzi wangu: mtoto ambaye bado hamfuati mtu, muanzishe na kadi, na umtafute huyo mtu wa pili hata kama ni dada anayewapeleka chooni. Mtoto ambaye tayari anakuvuta mkono kukupeleka kwenye anachotaka, huyo amekwisha kujua kuwa mtu ndiye mlango. Mpe sauti leo, usimrudishe kwenye kadi kwa sababu tu kitabu kinasema hatua ya kwanza.

Programu za kusema: ya ghali na za bure

Inayotajwa zaidi duniani ni Proloquo2Go, ya AssistiveWare ya Uholanzi, iliyotoka mwaka 2009. Inakaa kwenye vifaa vya Apple tu na bei yake ni dola 249.99, zaidi ya shilingi laki sita za Tanzania, juu ya bei ya iPad yenyewe. Hushushwa nusu bei mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, basi asiye na haraka asubiri. Ubora wake ni wa kweli. Maneno yamepangwa na watu wanaojua kazi yao, kitufe kinabaki mahali pake hata ubao wa vitufe ukikua, na sarufi inajirekebisha yenyewe.

Inajirekebisha kwa Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kiholanzi. Kiswahili hakimo. Unaweza kurekodi sauti yako kitufe kwa kitufe, na itafanya kazi, lakini hapo umelipa laki sita ukaacha nusu ya ulichonunua. Kwa mtoto wa shule ya Kiingereza ambaye na nyumbani wanazungumza Kiingereza, ningeinunua bila kusita. Kwa mtoto wa Mbagala anayeamkiwa kwa Kiswahili na kulazwa kwa Kiswahili, hapana.

LetMeTalk ni ya bure, inakwenda kwenye Android, haihitaji bando ikishaingia, na inakuja na picha zaidi ya 9,000 za ARASAAC, hazina ya picha ya serikali ya jimbo la Aragon, Hispania. Picha hizo ziko huru kwa matumizi yasiyo ya biashara, kwa hiyo unaweza kuzichapa pia kwenye kadi, na kadi na kishikwambi vikafanana. Faida hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Cboard nayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, ilisaidiwa na mfuko wa ubunifu wa UNICEF. Inafunguka kwenye kivinjari, hata kompyuta ya ofisi ya mwalimu mkuu inaifungua, na unaweza kurekodi sauti yako kwenye kitufe. Kwangu kurekodi ndiko kulikoamua. Nimebaki na Cboard, na LetMeTalk natumia kwa ajili ya picha.

Ukitaka sauti ya mashine badala ya kurekodi, huduma ya sauti ya Google kwenye Android inayo ya Kiswahili. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kusoma maandishi, pakua data ya Kiswahili ukiwa na bando. Kisha ijaribu kwa maneno haya kabla mtoto hajagusa: choo, pole, uji, ng'ombe, naomba. Ikikwama kwenye mojawapo, rekodi.

Picha za Ulaya zina mambo yake. Maziwa ya ARASAAC ni ya pakiti, mkate ni mrefu kama rungu. Kuna watoto wasiojali, na kuna mtoto ambaye kwake kikombe si kikombe mpaka kiwe kile cha plastiki cha bluu chenye mpini uliokatika. Kwa huyo piga picha ya kikombe chenyewe. Baada ya mwezi ongeza picha ya kikombe kingine kwa jina lile lile, la sivyo siku kile cha bluu kikipasuka utalia naye.

Kiswahili hakikatiki vipande

Hapa nataka kukaa kidogo, maana miongozo yote niliyoisoma imeandikwa kwa Kiingereza na hakuna inayoligusa hili. Ubao wa Kiingereza umejengwa kwa vipande: mimi, taka, zaidi, maji, kila kimoja na kitufe chake, mtoto anavipanga. Ukiufasiri kitufe kwa kitufe, mtoto wako atakuwa anasema "mimi taka zaidi maji" mpaka darasa la saba. Wengi wa watoto hawa wakishika kitu wamekishika.

Kiswahili kinabeba mtenda na wakati ndani ya kitenzi. Kwa hiyo vitufe vyangu ni maneno mazima: naomba, sitaki, nisaidie, twende, inauma, nimechoka, basi. Kwa "zaidi" nilihangaika. Nyingine, kingine, mwingine, mengine: ngeli zinabadilisha neno na mtoto hana namna ya kujua. Nikaweka "ongeza". Uji ongeza, maji ongeza, bembea ongeza. Halibadiliki kwa ngeli yoyote, na kila mtu mtaani analielewa.

Nimeweka "naomba", si "nataka", na hili nililipata kwa bibi mmoja aliyemlea mjukuu wake. Wiki ya kwanza kishikwambi kilipokwenda nyumbani alikirudisha kwenye mfuko wa rambo. "Mwalimu, kimemfundisha ujeuri. Nataka, nataka, kutwa nzima." Alikuwa na haki. Nikarekodi upya "naomba", nikaongeza kitufe kimoja nilichokuwa nimekisahau kabisa: shikamoo. Mtoto asiyeamkia wakubwa mtaani kwetu anaonekana hakufunzwa, na kwa mtoto wa usonji lawama hiyo anaibeba mama. Kitufe hicho sasa ndicho kinachobonyezwa zaidi kwenye kituo cha daladala kuliko hata maji.

"Sitaki" usikiondoe, hata wazazi wakilalamika. Nina binti mmoja aliyekuwa anauma watu, na kuuma kulipungua alipopata njia nyingine ya kukataa uji wa moto. Unapotengeneza kitufe hicho, ukubali kwamba atakitumia dhidi ya somo lako.

Programu za masomo

Khan Academy Kids ni ya bure, haina matangazo, ni ya watoto wa miaka 2 hadi 8, na imetulia: wanyama wake hawarukiruki ovyo. Ni ya Kiingereza. Natumia sehemu zisizohitaji lugha, yaani kulinganisha, kupanga kwa umbo, kufuata herufi kwa kidole. Hadithi zake nazipita.

Kwa Kiswahili tunayo bahati ambayo wengi wetu hatuijui, na ilitokea Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za kujifunzia kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa ule kwa miezi 15, kwa watoto karibu 3,000, wengi wao wasiokuwa wamewahi kuingia darasani. Mei 2019 washindi wakawa wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Programu za Kiswahili na Kiingereza ziliachwa wazi kwa yeyote. Jaribio lile halikuwa la usonji, nisije nikasomwa vibaya. Lakini Kitkit School ilitengenezwa na Enuma, kampuni ya Sooinn Lee na mumewe Gunho Lee, ambao walianza kutengeneza programu za kujifunzia kwa sababu mtoto wao wenyewe alikuwa na mahitaji maalumu. Inaonekana kwenye kazi yao: hatua ni ndogo, mtoto hasukumwi, vitufe ni vikubwa. Tatizo ni kuipata. Si ya kubonyeza mara moja ukasubiri. Mimi nilimwomba kijana wa kompyuta aniwekee. Ukiwa na kijana kama huyo, hii iwe ya kwanza kwenye orodha yako. Ukiwa huna, Khan.

Jambo la kukagua kwenye programu yoyote ya somo ni inachofanya mtoto akikosea. Si akipatia, akikosea. Nilikuwa na programu ya herufi iliyotoa mlio wa "booong" kwa jibu baya na kicheko cha watoto kwa jibu zuri. Kijana wangu mmoja akaupenda ule mlio. Alijua herufi zote, na alikuwa anachagua isiyo sahihi kwa ustadi wa ajabu ili ausikie. Ripoti ya programu ikaniambia hajui hata a. Kama milio haizimiki, ifute.

Na usiamini skrini peke yake hata ikisema kweli. Mtoto alihesabu maembe kumi kwenye kishikwambi bila kukosea, siku tatu mfululizo. Nikamwekea vizibo vya soda mkekani: "Nipe vitatu." Akanijazia kiganja. Alichojua ni kugusa maembe kwa mpangilio mpaka nyota zitoke. Tangu hapo kila somo la skrini la dakika kumi linafuatwa na somo lile lile la vizibo, mkekani, dakika kumi. Ratiba ya siku vilevile nimeirudisha ukutani kwa kadi. Kwenye skrini anaiona mmoja, ukutani wanaiona wote tisa na matroni pia.

Kutuliza na zawadi

Katuni na gemu zina nafasi, ila si kwenye kifaa kinachomsemea mtoto. Mdomo wake ukiwa na katuni ndani, hataomba maji, atafungua katuni. Na siku utakapomnyang'anya kwa sababu ya katuni, umemziba mdomo. Tumia simu yako ya zamani kwa hayo, pamoja na saa ya mchanga au kipima muda ili aone mwisho unakuja.

Vitu vidogo vinavyoharibu siku

Fungia programu moja. Kwenye iPad na Android upo mpangilio wa kubandika programu ili mtoto asitoke. Weka na nywila. Washa hali ya ndegeni, maana tangazo la kubeti likiruka katikati ya somo darasa limekwisha. Kava nene lenye mpini, na kamba ya begani kwa anayetembea nacho. Chaji usiku, si asubuhi, kwani asubuhi umeme ndipo unapokatika. Na chapa ubao wa kishikwambi kwenye karatasi kama ulivyo, vitufe mahali pale pale, kwa siku ambayo chaji itaisha saa nne.

Sasa swali gumu: watoto tisa, kishikwambi kimoja. Shinikizo ni kukizungusha, dakika kumi kila mmoja, ili mzazi yeyote asilalamike. Nilifanya hivyo muhula mzima na hakuna aliyefaidika, kwa sababu sauti unayopewa dakika kumi kwa siku si sauti. Muhula uliofuata nikampa mmoja, yule wa treni, kutwa nzima na nyumbani, kwa barua iliyosainiwa na mwalimu mkuu. Wengine wanane wakabaki na kadi na simu yangu. Wazazi wawili walinuna na mmoja bado amenuna.

Vitufe vyake sikurekodi kwa sauti yangu. Nilimwita kaka yake wa darasa la sita, akavisoma vyote wakati wa mapumziko huku akicheka. Wiki iliyopita matroni alikuwa amenipa mgongo akiosha vikombe, kishikwambi kikasema "choo". Hakugeuka. "Si uende tu, mkubwa mzima wewe," akajibu, akidhani ni yule kaka, halafu akaacha vikombe akamkimbilia mdogo.